Neno la Dirishani

Jumatatu, 2 Februari

Muhula umefunguliwa leo. Wagonjwa 58: kikohozi 14, tumbo 9, walioteguka mpirani 5, waliobaki homa na mengineyo. Nimeanza faili mpya za mwaka wa kwanza, za kijani. Kalamu nyekundu imekwisha, nimeomba nyingine stoo.

Saa nane mchana Sista, muuguzi mkuu wa zahanati yetu ya chuo, alituita chumbani kwake, namba tatu, akafunga mlango. Tulikuwa Daktari, mimi karani wa dirishani, na Mama Ndoo anayefanya usafi na kuwaelekeza wagonjwa ukumbini. Alisema muhula uliopita waliokuja na magonjwa ya zinaa walikuwa saba tu, katika chuo cha watu elfu nne. "Hawa si malaika," alisema. "Wanaumwa, ila hawafiki kwangu. Wanakwamia dirishani."

Hakunitazama, lakini nilijua. Mwezi wa kumi na moja alikuja kijana mmoja mrefu akaninong'oneza shida yake. Nikamwambia, "Ongea kwa sauti, sikusikii." Akageuka, akaondoka. Nilikuwa nimemsikia.

Kuanzia sasa namba ya simu ya Sista imebandikwa kwenye milango ya vyoo vya mabweni. Mwenye shida ya sehemu za siri anampigia, naye anamwambia aje dirishani aseme neno moja tu: *macho*. Mimi naandika macho daftarini, Mama Ndoo anampeleka namba tatu, basi. Daktari wa macho hatuna. Mwenye macho hasa ataingia namba tatu vile vile, na Sista atamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa.

"Neno hili liishie kwenye kuta hizi," alisema. "Likitoka nje, kazi yake imekwisha." Tukaitikia wote watatu.

Jumatano, 4 Februari

Wagonjwa 40. Macho 3.

Ijumaa, 13 Februari

Wagonjwa 66. Macho 11! Wiki mbili tumepita muhula mzima uliopita. Sista amepita dirishani kwangu akiimba. Kalamu nyekundu imeletwa.

Jumapili, 15 Februari

Leo mdogo wangu wa kiume, anayesoma hapa hapa chuoni, alimleta nyumbani rafiki yake wa mwaka wa kwanza. Nimempa jina Kicheko, kwa sababu kicheko chake kinamtangulia mlangoni. Alikuta naosha vyombo, akaninyang'anya sufuria. "Kaa, wifi, umefanya kazi wiki nzima." Wifi! Na mdogo wangu mwenyewe akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Nimempenda huyu binti.

Alipoondoka tulibaki wawili tunakula. Mdogo wangu akaanza utani wake kwamba kazi yangu ni kuhesabu makohozi ya watu. Labda ndiyo iliyonichokoza. Nikamwambia, wewe hujui tunayoyaona. Nikamsimulia ya juzi: amekuja kijana ana miwani minene kama kitako cha chupa, kasema "macho", na Mama Ndoo, akiwa hajui ampeleke na maelezo gani, kamwuliza kwa upole kabisa, "Ya juu au ya chini, mwanangu?"

Mdogo wangu alicheka mpaka akapaliwa. Nikampiga mgongoni huku nami nacheka. "Dada, ya chini! Ya chini yanavaa miwani?" Nikamwambia neno hili lisitoke. Akaweka mkono kifuani. "Mimi tena?"

Ijumaa, 20 Februari

Wagonjwa 51. Macho 9. Hakuna jipya.

Jumanne, 24 Februari

Nilikwenda duka la fotokopi kutoa nakala za fomu. Vijana watatu walikuwa kwenye foleni. Mmoja akamwambia mwenzake, "Pole bwana, nasikia uko macho."

"Macho mama yako!"

"Ya chini yanaona mbali?"

Wakaangua kicheko. Mwenye duka naye akacheka, akaniambia mimi, mtu mzima mwenzake, kwamba siku hizi chuo kizima ndiyo lugha yao. Jana mwalimu wao kaingia darasani asubuhi, kaona wanasinzia, kauliza, "Jamani, mko macho?" Ukumbi wa watu mia mbili ukalipuka, na mwalimu mpaka sasa hajui alisema nini.

Nilisahau nakala zangu juu ya mashine. Nilirudi kuzichukua.

Jumatano, 25 Februari

Nimemwuliza mdogo wangu. Alisema alimwambia mtu mmoja tu, anayelala naye chumba kimoja bwenini siku za mtihani. "Kama ulivyoniambia mimi mmoja tu," akaongeza. 

Wagonjwa 47. Macho 2.

Jumatatu, 2 Machi

Macho 0.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua imeanza. Benchi la nje halikaliki, kwa hiyo foleni yote imejibana ukumbini. Wa kwanza ananipumulia usoni, wa kumi anasikia ninayomwuliza wa kwanza. Leo binti mmoja amefika dirishani, kafungua mdomo, kageuka kuangalia waliokuwa nyuma yake, kasema, "Nimekuja kuuliza saa." Nikamwambia saa nne na robo. Akanishukuru, akatoka kwenye mvua.

Macho 0.

Jumatatu, 9 Machi

Sista ametukalisha tena namba tatu. Alikuwa na daftari langu mkononi, amelifungua penye hesabu za macho: 11, 9, 2, 0, 0, 0. "Neno limetoka. Tulilijua watu wanne na wagonjwa wenyewe, na mgonjwa hajitangazi. Nani?"

Daktari alisema si yeye. Mama Ndoo alisema, "Hilo neno mimi nimpe nani? Wajukuu zangu wana miaka mitano." Mimi nilisema, "Sijui, Sista."

Nimeandika maneno hayo mawili hapa ili niyaone. Sijui, Sista. Yametoka mdomoni laini kabisa, kama jina langu.

Daktari alimtazama Mama Ndoo. Ni kweli Mama Ndoo huzungumza na kila mwanafunzi, huwauliza wametoka wapi na wamekula nini. Nilimwona Daktari akimtazama, nami nikatazama kalamu.

Jumatano, 11 Machi

Mdogo wangu amefua mashuka yake mwenyewe kabla sijaamka, na mvua yote hii. Ametandaza ndani, kwenye viti. Nikamsifu: leo umekua. Akasema, "Ndiyo, dada." Anakunywa maji mengi.

Jumamosi, 14 Machi

Nilipokuwa nafagia nimekuta kifuko cha vidonge vya rangi mbili chini ya kitanda chake, viwili vimebaki. Anasema ni kifua, vimemsaidia, amepona. Nikamgombeza: dawa mtu anaimaliza, na kwa nini ununue dukani wakati dada yako yuko zahanati? Akasema, "Si ndiyo hiyo."

Sikuelewa, nami sikuuliza.

Jumatano, 18 Machi

Mama Ndoo amehamishwa. Atasafisha vyoo vya mabweni ya wavulana mpaka ofisi itakapoamua vinginevyo. Sababu: *kutotunza siri za wagonjwa*.

Barua niliichapa mimi, ndiyo kazi yangu. Daktari aliniletea maandishi ya mkono, nami nikachapa nakala mbili, nikasahihisha makosa ya tahajia, nikapiga muhuri. Nilipomkabidhi aliisoma polepole kwa sababu miwani yake imevunjika mkono mmoja. Kisha akaniuliza, "Hapa wameandika siri za nani?" Nikasema za wagonjwa. "Mgonjwa gani?" Nikasema haijaandikwa. Akaikunja mara nne akaiweka kifuani. "Basi, mwanangu. Ubaki salama hapo dirishani."

Wagonjwa 38. Sikuandika macho ni wangapi. Hakuna.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua. Wagonjwa 29.

Jumapili, 29 Machi

Kicheko alikuja na mwavuli uliopinduka. Alinisuka nywele mpaka saa kumi. Aliniambia wenzake bwenini wananiogopa, wanasema karani wa zahanati ana uso wa mahakamani. "Nikawaambia, huyo ni wifi yangu, uso ni wa kazini tu." Nilicheka, kisha nikainamisha kichwa mpaka akauliza kama ananivuta sana.

Jumatano, 8 Aprili

Mdogo wangu ameniuliza wakati anakula, bila kuinua kichwa: "Dada, jicho likitoa usaha, mtu anawekea nini?"

Nikamwambia haweki kitu, anakuja zahanati. Ni nani?

"Mtu tu. Akija, aseme nini dirishani?"

Nilitaka kumjibu *macho*, nikajizuia.  Nikasema, aseme anavyotaka, ila aje kesho. Akasema atamwambia.

Alhamisi, 9 Aprili

Wagonjwa 33. Nilimsubiri mtu wa jicho, hakuja. Ningeweza kumwuliza tena mdogo wangu. Sikumwuliza.

Jumapili, 12 Aprili

Kicheko hakuja. Mdogo wangu anasema ana mitihani.

Jumanne, 14 Aprili

Naandika yote kwa utaratibu.

Saa tatu na nusu, foleni ya watu kama ishirini, mvua kubwa. Waliingia wasichana wawili chini ya khanga moja iliyolowa. Mmoja alikuwa ameshika taulo usoni, mwenzake anamwongoza. Huyu mwenzake alifika dirishani akasema kwa sauti, kwa kuwa mvua ilikuwa inapiga bati: "Anaumwa macho."

 Sauti moja ya kiume ikatoka nyuma: "Yote mawili, au lile moja la chini?"

Wakacheka. Si wote. Lakini walicheka wa kutosha.

Yule mwenye taulo akageuka kutaka kutoka. Hapo taulo likashuka, nikaona ni Kicheko. Jicho la kulia halikuwa jicho. Lilikuwa uvimbe, na usaha wa manjano unatiririka mpaka shavuni, na kope zimegandana. Alinitazama kwa lile la kushoto, kisha akaliinamisha.

Miaka sita nimekaa dirishani, sijawahi kutoka nje ya dirisha wakati wa foleni. Leo nilitoka. Nilimfikia mlangoni, nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto. "Niache, wifi," alisema. "Niache nitoke, wananiangalia." Nikamvuta mpaka namba tatu na sikumbuki kama nilimwitikia.

Sista alivaa glovu, akamfungua kope kidogo, akaomba gari la chuo kwa simu kabla hajavua glovu. Alimwuliza, "Tangu lini?" Akasema tangu Jumapili ya wiki iliyopita. Siku tisa. "Siku tisa ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Bwenini. Nilikuwa naosha kwa chumvi."

"Kwa nini hukuja?"

Kicheko akasema, "Ningesema naumwa nini?"

 Mimi nilikuwa nimesimama pale nimeshika taulo.

Gari lilikuja saa nne na dakika kumi. Nilirudi dirishani. Wagonjwa 41. Macho 1.

Alhamisi, 16 Aprili

Sista amerudi kutoka hospitali kubwa. Alituambia Daktari na mimi, mlango umefungwa. Ni kisonono. Kumbe kinaingia hata machoni: mtu amejigusa, kisha amefikicha jicho. Kwa wasichana wengi huko chini hakionyeshi dalili yoyote, kwa hiyo Kicheko hakujua kama anacho. Angekuja siku ya kwanza au ya pili, sindano na kuoshwa jicho vingetosha. Sasa kidonda kimekula kioo cha jicho. Kwa jicho la kulia anatofautisha mwanga na giza, basi.

"Walisema macho," Sista akasema, "na ilikuwa kweli pande zote mbili." Akaketi. Sijawahi kumwona akiketi saa za kazi.

Wamempa karatasi ya kumwita mwenzi wake aje kutibiwa. Ninamjua mwenzi wake. Ninamfulia soksi.

Ijumaa, 17 Aprili

Nilifika nyumbani saa kumi na moja. Mdogo wangu alikuwa kitandani na viatu miguuni. Ile karatasi ya kumwita, aliyotoka nayo hospitali kumwona Kicheko, ilikuwa mezani, chini ya kikombe.

Nikamwambia, "Vile vidonge havikuwa vya kifua."

"Havikuwa."

"Tangu lini?"

"Mwanzo wa mwezi wa tatu. Kulikuwa na mwingine kabla yake, muhula uliopita ulipoisha. Sikujua. Nilipoanza kuumia wakati wa kukojoa nilinunua vidonge pale getini, nikanywa siku tatu, kukakauka. Nikadhani nimepona."

Nilipiga kelele. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika. Nilimwuliza kwa nini hakuja zahanati, sindano iko pale, bure, hatua mia tatu kutoka darasani kwake.

Akakaa. "Nije wapi, dada? Dirishani upo wewe. Nije nikwambie wewe, uliyenifundisha kuoga, kwamba nina macho? Na neno lenyewe nimelisambaza mimi, wenzangu wote wanalijua, wote wangenigeukia. Nilijifungia mlango mwenyewe." Kisha akasema, "Na yeye nikamfungia."

"Neno nilikupa mimi," nikamwambia.

"Ulinipa, nikalitoa. Sasa tugawane vipi?"

Nikamwambia Jumatatu aende akatibiwe. Akasema atakwenda, lakini si chuoni, atatafuta zahanati ya mbali. Lini? Akasema atatafuta. Anasema kama nilivyosema mimi "Sijui, Sista." Laini kabisa.

Jumapili, 19 Aprili

Nimekwenda hospitali kubwa. Kicheko yuko wodi ya macho, kitanda cha ukutani, bandeji upande mmoja. Mama yake alikuwa ametoka kuchota maji ya moto. Niliweka machungwa kwenye kabati. Kicheko akaniambia, "Mdogo wako ameniambia yote. Ni kweli wewe ndiye uliyemwambia lile neno?"

Nikasema ndiyo.

"Mkacheka?"

Nikasema ndiyo, tulicheka.

Akafikiri. "Mimi pia nilicheka," akasema. "Bwenini, mtu aliponisimulia. Nilicheka sana." Kisha akasema, "Asante kwa kuja, karani," akageukia ukutani.

Nilisimama mpaka mama yake akarudi. Alinishukuru kwa machungwa. Alinishika mikono yote miwili, akasema Mungu aniongezee, kwa kumwangalia mtoto wake pale chuoni. Nilimwacha aseme.

Jumatatu, 20 Aprili

Nilifika saa moja na nusu. Nilimwomba Sista na Daktari waingie namba tatu, nikafunga mlango mwenyewe. Nikasema: neno nililitoa mimi, tarehe kumi na tano Februari, nyumbani, kwa mdogo wangu, kwa sababu ya kuchekesha. Mama Ndoo hakumwambia mtu.

Daktari alisema, "Ulikaa kimya miezi miwili?" Nikasema siku sitini na nne. Nilikuwa nimezihesabu.

Sista hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Barua ya Mama Ndoo uliichapa wewe?"

"Ndiyo."

"Koma zote zilikuwa mahali pake," akasema. "Niliiangalia. Mkono haukukutetemeka hata kidogo."

Ningependa angenitukana.

Daktari aliandika maneno machache kwenye karatasi akanipa nikachape: barua ya onyo la mwisho, kwangu. Nakala mbili. Niliikosea mara tatu.

Mabadiliko kuanzia kesho, amri ya Sista: dirishani hakuna neno wala sababu. Jina, umri, bweni, namba ya usajili. Mtu atasema anaumwa nini akiwa ndani, kwa mtu mmoja, mlango umefungwa. Nikamwuliza kwa nini hatukufanya hivyo tangu mwanzo. "Kwa sababu fomu ina safu ya sababu," alisema, "na sote tulidhani safu lazima ijazwe."

Jumanne, 21 Aprili

Mama Ndoo amerudi. Siku thelathini na nne. Nilimsubiri mlangoni tangu saa moja. Nikasema shikamoo, nikaanza kusema nililokuwa nimelipanga. Alinyoosha mkono kunizuia.

"Wameshaniambia. Marahaba." Akaweka ndoo chini. "Wavulana wale wachafu, mwanangu. Hujui." Akafunga kitambaa kichwani. "Siku ile nilikuuliza mgonjwa gani. Ulinitazama usoni ukanijibu."

"Nisamehe, mama."

"Nitakuambia nikiweza. Leo nina kazi." Akaanza kufuta benchi.

Mdogo wangu bado anatafuta zahanati ya mbali. Niliacha barua yangu ya onyo wazi mezani. Sikuiweka ili aione. Au niliiweka.

Alhamisi, 23 Aprili

Wagonjwa 44. Wengi walishangaa sikuwauliza wanaumwa nini. Mmoja alinieleza kwa nguvu tumbo lake lote. Mdogo wangu hakula.

Ijumaa, 24 Aprili

Mvua imepungua, lakini foleni bado inakaa ndani kwa mazoea. Saa nne na nusu nilikuwa naandika kichwa chini. Nikasema, "Anayefuata," nikaona mikono juu ya ubao wa dirisha. Ninaijua ile mikono. Kidole cha shahada kina kovu la bati, alikatwa akiwa na miaka minne, mimi ndiye niliyekuwa namwangalia.

"Jina?" nikasema.

Akataja majina yote matatu, la mwisho la baba yetu. Nikaandika. Kabla sijauliza jingine akasema, si kwa kupiga kelele, ila kwa sauti ya kufika mwisho wa ukumbi:

"Nina kisonono. Nimekuja kutibiwa."

Nikamwambia taratibu, "Hapa hatuulizi tena sababu."

"Najua. Nimeambiwa."

Ukumbi wote ulikuwa umegeuka. Kuna mtu nyuma alianza kucheka, akajikuta anacheka peke yake, akakohoa. Mama Ndoo alikuwa ukutani na ufagio, amesimama tu. Mdogo wangu hakugeuka kumtazama mtu. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo, lakini hakuitoa mikono yake pale ubaoni.

 Nikaangalia safu inayofuata.

"Umri?"

"Dada, si unaujua."

"Umri?"

"Ishirini na mmoja."

Nikaandika. Nikachukua kadi yake, nikainuka kwenye kiti, nikampa kwa mikono miwili.